Tumbili Anasikia Kikwenzi

Yai lilikuwa limeshamenywa. Mzee mmoja wa Kifaransa aliliweka juu ya kifuniko cha lanchi boksi, akageuka kutafuta chumvi, na aliporudisha uso tumbili alikuwa ameshalishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi. Kwa yeyote aliyewahi kula mchana kwenye meza za Tarangire, hii si habari. Tumbili wa pale wanajua zipu ya begi, wanajua mgeni aliyeingia nchini jana, wanajua na dereva gani ana kokoto mkononi. Niliinuka kumfukuza.

Sikumfikia. Chini ya meza walikuwa ndege saba au wanane, kwenzi, wakiokota makombo na kugombana kwa kelele zao za siku zote. Ghafla mmoja akatoa mluzi mwembamba uliopanda, na kufumba na kufumbua wote wakawa wamezama kichakani. Tumbili hakuwatazama wale kwenzi. Wala hakunitazama mimi niliyekuwa namjia. Alitazama mbinguni. Kisha akateremka, yai kifuani, akajipenyeza chini ya kichaka kilekile. Punde kivuli kikapita juu ya meza: tai mkubwa, tumbo jeupe lenye madoa, akielekea mtoni bila haraka.

Mjukuu wa yule mzee, binti wa miaka kama kumi hivi, akaniuliza nani ana akili zaidi, nyani au ndege. (Nilishachoka kuwarekebisha wageni kwamba tumbili si nyani.) Nikampa jibu la dereva: mwenye akili ni yule aliyeondoka na yai. Meza nzima ikacheka, tukafunga mabaki, tukaendelea na safari. Lakini swali lilibaki na mimi kwenye usukani hadi getini, na limebaki hadi leo, maana jibu langu lilikuwa la ovyo.

Nilizaliwa Mto wa Mbu, na shamba la bibi lilikuwa upande unaopakana na msitu. Mahindi yakianza kubeba, sisi wajukuu tulihamia juu ya dungu, tukapiga debe kwa maana yake ya kwanza kabisa: debe la mafuta ya taa na fimbo. Tumbili wanapima watu. Baba akipita, kundi zima linapotea. Bibi akipita, wanasogea hatua mbili. Sisi watoto walitutazama tu, wakaendelea kuvunja. Katika zile siku ndefu za jua, bibi alinifundisha kitu ambacho nilidhani ni cha kunituliza nisilale: "Ukisikia wanakohoa, tazama juu. Ukisikia wanabweka, shuka uje nyumbani." Kukohoa ni tai. Kubweka ni chui. Nilikubali, kama unavyokubali kwamba ukila kichwa cha kuku utakuwa na maneno mengi.

Miaka mingi baadaye, nikisomea kazi hii, nikakuta kwamba bibi alikuwa sawasawa na wataalamu, isipokuwa wataalamu walikuwa na vipaza sauti. Upande wa pili wa Namanga, hifadhi ya Amboseli nchini Kenya, chini ya Kilimanjaro uleule tunaoutazama sisi, Mmarekani Thomas Struhsaker alikaa na tumbili miaka ya 1963 na 1964, akaorodhesha milio yao. Aliona kwamba wana mlio mmoja kwa chui, mwingine kwa tai, mwingine kwa nyoka. Swali likawa: je, mlio una maana ndani yake, au ni hofu tu, kubwa kwa chui na ndogo kwa nyoka, na kila tumbili anajitafutia kwa macho kinachoogopwa?

Mwaka 1977 wakafika Robert Seyfarth na mkewe Dorothy Cheney. Walifanya jambo ambalo dereva yeyote angeliona la kitoto. Walirekodi milio, wakaficha spika kichakani, wakasubiri siku isiyo na chui wala tai wala nyoka, wakaicheza. Sauti ya kuonya chui ikitoka, tumbili waliokuwa chini walikimbilia mtini. Ya tai ikitoka, walitazama juu au waliingia vichakani. Ya nyoka ikitoka, walisimama kwa miguu miwili wakachungulia nyasi zilizowazunguka. Hakukuwa na mnyama wa kuona. Mlio peke yake ulitosha. Matokeo yalitoka mwaka 1980, yakiwa na jina la tatu, Peter Marler, ambaye nitamrudia kwa sababu huyu bwana ndiye daraja la habari hii yote.

Na ukifikiria, kila jibu lina sababu yake. Mbele ya chui, tawi jembamba ni usalama, kwani chui ana kilo nyingi. Mbele ya tai, tawi hilohilo ni sahani. Ukikosea ukapanda mti kwa mlio wa tai umekwisha. Kwa hiyo haitoshi kusikia "hatari!" Lazima usikie hatari ipi.

Watoto wa tumbili hukosea, na kukosea kwao ndiko ninakokupenda zaidi. Mtoto humpigia korongo mlio wa tai. Hulipigia hata jani linaloanguka. Humpigia ngiri mlio wa chui. Lakini angalia: hampigii ngiri mlio wa tai. Anajua tayari kwamba kuna vya juu na vya chini, ila hajapunguza orodha. Anapokosea, wakubwa hutupa jicho na kuendelea kula. Anapopatia, mkubwa naye hulia, na kundi lote linakimbia. Polepole mtoto anabaki na tai wa kweli.

Sasa kwenzi.

Naomba radhi kwa wanaojua ndege, maana jina hili linabeba jamii nzima. Ninayemsema ni yule wa mezani, wa sentimita 18 hivi: mgongo wa samawati na kijani unaong'aa kama mafuta juu ya maji, kichwa cheusi, tumbo la rangi ya udongo mwekundu, mstari mweupe unaokata kifua, na jicho jeupe linalomfanya aonekane ameudhika muda wote. Kama hana ule mstari na jicho ni jekundu, huyo ni binamu yake, wageni huwachanganya kila siku. Tarangire tuna pia kwenzi wa kijivu asiye na pambo lolote, ambaye haishi nchi nyingine yoyote duniani ila Tanzania, na wageni humpita wakimkimbilia huyu mwenye rangi. Ndiyo dunia.

Kwenzi huyu ana milio miwili ya hatari. Kwa adui wa ardhini, kelele ya kukwaruza, ya fujo. Kwa adui wa angani, mluzi safi. Wale wale wanandoa wa Amboseli wakaweka na hii kwenye spika. Kelele ya kukwaruza ikitoka, tumbili wanaelekea mitini. Mluzi ukitoka, wanatazama juu. Wimbo wa kawaida wa kwenzi ukitoka, hawana habari nao. Yaani kile nilichokiona siku ya yai kilikuwa kimeshapimwa kabla sijaingia darasa la kwanza. Na watoto wa tumbili wanaoishi mahali penye kwenzi wengi huanza kuitikia mapema kuliko wale wanaowasikia mara chache. Hawazaliwi nacho. Wanajifunza.

Hapo Kiswahili kinanisaidia kuliko lugha nyingine ninazoungaunga kazini. Sisi hatusemi tu "naelewa Kimaasai." Tunasema nasikia Kimaasai. Mtu anaweza kukusikia na asiweze kukujibu, na hakuna anayeona ajabu. Mimi mwenyewe mke wangu ni Mwiraqw wa upande wa Karatu. Miaka kumi na moja ya ndoa, Kiiraqw nakisikia karibu chote, kukisema siwezi. Nikijaribu, watoto wa shemeji wanaanguka chini kwa kicheko, kuna sauti fulani ya kooni ambayo koo langu limekataa katakata. Mama mkwe ananisemesha kwa Kiiraqw, namjibu kwa Kiswahili, na mambo yanakwenda. Tumbili na mimi tuko kundi moja: tumbili anasikia Kikwenzi, ila hatakaa akiseme.

Tena, na hapa ndipo palipogeuza swali la yule binti, tumbili hawezi kujifunza kusema hata Kitumbili kipya.

Marler nilisema nitamrudia. Huyu alikuwa Mwingereza, na kabla ya tumbili maisha yake yalikuwa ndege. Huko California alifuatilia ndege mdogo mfano wa shomoro, mwenye mistari myeupe kichwani, akaonyesha kwamba ndege wa eneo moja la ghuba ya San Francisco wanaimba tofauti na wa eneo la jirani, kama vile Mpemba na Mmakunduchi wanavyojulikana wakifungua mdomo tu. Kifaranga akichukuliwa mapema na kulelewa bila kusikia wakubwa wakiimba, akikua hutoa wimbo mbovu, usio na lafudhi ya mahali popote. Akisikilizishwa wimbo wa eneo lingine akiwa bado mchanga, anaushika huo. Umri fulani ukipita, mlango unafungwa. Wimbo wa ndege hawa haumo kwenye damu peke yake, ni malezi.

Kwenzi wetu naye si mgeni wa jambo hilo. Kule Mpala, Laikipia, nchini Kenya, mtafiti Dustin Rubenstein na wenzake wamewafuatilia tangu mwaka 2001. Wanaishi katika makundi makubwa, jozi kadhaa zinazotaga na wengine wanaosaidia kulisha vifaranga visivyo vyao. Mwaka 2025 wakachapisha hesabu ya takriban miaka 20 ya kulishana huko, na ikaonekana kwamba ndege aliyesaidiwa leo humsaidia aliyemsaidia misimu ya baadaye, hata kama hawana undugu. Ujirani kabisa, wa nikopeshe unga nitakuletea. Na wakiruka, kila mmoja ana mwito wake, lakini wa kundi moja wanafanana mwito, na kufanana huko hakufuati damu. Aliyehamia na aliyezaliwa pale wanasikika wa nyumba moja. Tena majike huimba kama madume, jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa kuangalia ndege wa Ulaya vilichelewa kulikubali.

Kinachowawezesha ni sehemu ambayo sisi hatuna. Sauti yetu na ya tumbili hutoka kwenye zoloto, juu ya koo. Ya ndege hutoka chini kabisa, pale njia ya hewa inapogawanyika kwenda mapafu mawili, na kwa kuwa ni njia panda, ndege mwimbaji anaweza kutoa sauti mbili tofauti kwa wakati mmoja, moja kila upande. Hata hivyo si koo linalomnyima tumbili maneno. Mwaka 2016 watafiti walipiga picha za eksirei za koo la kima mmoja wa Asia akila na akilia, wakapiga hesabu, wakakuta koo hilo lingeweza kutoa irabu za kutosha kwa mazungumzo. Ala iko. Mpigaji ndiye hayuko, yaani ubongo haujaunganishwa na koo kwa namna ya kuliamuru lijifunze.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulitoka Senegal, kwa tumbili wa kijani, binamu wa hawa wetu waliotengana miaka milioni kadhaa iliyopita. Hao katika pori lao hawana desturi ya kupiga mlio wa tai. Watafiti wakarusha droni juu ya vichwa vyao. Tumbili, ambao hawajawahi kuona droni wala hawajamsikia tumbili wa Afrika Mashariki hata siku moja, wakalia. Na mlio waliotoa ulifanana sana na ule wa tai wa Amboseli. Mlio ulikuwa umewekwa akiba kooni muda wote huo. Baadaye watafiti wakaficha spika, wakacheza mvumo wa droni tu, na tumbili wakatazama juu na kukimbia, ingawa walikuwa wameionja mara chache mno. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Mdomo wa miaka milioni, sikio la asubuhi ya leo.

Sitaki kumfanya tumbili kuwa profesa. Wengine wamerudia majaribio ya spika kule Afrika Kusini kwenye makundi makubwa, na mara nyingi tumbili walitazama tu au hawakujali, hawakutimua mbio kama vitabu vinavyosema. Na mwaka 2015 uchambuzi mpya wa sauti, Cheney na Seyfarth wenyewe wakiwa miongoni mwa waandishi, ulionyesha kwamba milio inayofanana na ile ya hatari husikika pia wakati wa ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo siyo kamusi. Sisi madereva tulijua hilo kwa gharama ya dizeli.

Maana sisi tunawatumia. Ukitafuta chui, huzunguki na gari kama kichaa, unazima injini na kusikiliza. Tumbili wakibweka wakitazama upande mmoja, na kwenzi au kanga wakikwaruza pale pale, mgeni wako anaweza kuwa na bahati. Tumbili peke yao nawapa dakika kumi. Pamoja na ndege nawapa nusu saa. Nimewahi kumsubirisha mteja saa nzima chini ya mgunga kwa ajili ya mabweko ambayo mwishowe yalikuwa madume mawili yakitukanana, na mteja hakuacha bahashishi.

Lakini kuna jambo dereva mwanafunzi analiweza ambalo tumbili mzee halimwingii. Kusoma alama. Cheney na Seyfarth waliwatundikia mzoga wa swala mtini, namna chui anavyofanya. Kwangu mzoga mtini ni kengele. Tumbili walipita chini yake bila wasiwasi. Njia ya chatu kwenye vumbi, ile mistari mipana ambayo bibi alinionyesha nikiwa na miaka mitano, tumbili huikanyaga na kuifuata hadi kichakani, kisha anamkuta mwenyewe na kuruka kwa mshangao. Macho anayo, tena kuliko yangu. Ila alama bila sauti na bila mwili haimwambii kitu. Wakati huohuo mtoto akilia kichakani, majike wengine hawatazami kichaka, wanamtazama mama yake. Wanajua sauti ni ya nani na nani ni wa nani. Huyohuyo anayekanyaga njia ya chatu ana ukoo mzima kichwani.

Basi nikimpata yule binti leo ningemwambia hivi: wametengana zaidi ya miaka milioni 300, ukoo wa ndege na ukoo wetu, na kila mmoja alibeba nusu. Kwenzi alibeba mdomo unaofundishika. Tumbili alibeba sikio linalofundishika, na la kwake likawa pana kiasi cha kuingiza lugha ya viumbe wenye mabawa. Nani ana akili zaidi? Ningemuuliza kwanza kama anapima kwa kusema au kwa kusikia. Najua ni jibu la kukwepa. Wazungu hawapendi jibu la namna hiyo baada ya kulipia siku tatu.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani, msimu mdogo, gari limeegeshwa. Mama mkwe amekuja kukaa nasi mwezi huu. Alikuwa jikoni anachambua mchele, mimi sebuleni nimelala kwenye kochi na simu usoni. Akapaza sauti kwa Kiiraqw, maneno mawili au matatu, wala hakuwa akinisemesha mimi, alikuwa akimwita mke wangu aliyekuwa bafuni. Nilijikuta uani, miguu mitupu, kichwa nimekiinua juu natafuta kwenye mwanga. Mwewe alikuwa anazunguka juu ya mwembe wa jirani. Vifaranga vilishajificha chini ya ndoo.

Mama mkwe akachungulia dirishani, akaniuliza kwa Kiiraqw ninatafuta nini. Nikamjibu kwa Kiswahili.